Mtoto ana tundu kwenye moyo, nyumbani wanasema amebemendwa: je, tusubiri?

SWALI: "Daktari, shikamoo. Ni mama wa watoto wawili, naishi Singida. Binti yangu wa pili ana miezi 7 na kilo 5.2. Alizaliwa na kilo 3.1, akanyonya vizuri, lakini baada ya arobaini akaanza kuhema haraka, jasho linamtoka akinyonya, na uzito ukasimama. Amelazwa mara tatu kwa nimonia. Mara ya mwisho daktari alisikia sauti kwenye moyo, tukatumwa Dodoma kupimwa ekho, kipimo cha kuuona moyo kwa picha. Wamesema ana tundu kati ya vyumba vya chini vya moyo, VSD ya milimita 7, liko karibu na valvu (vilango vya moyo), na presha ya mapafu imeanza kupanda. Tumepewa dawa za Lasix, ya kupunguza maji mwilini, na captopril, ya kuupunguzia moyo kazi, na rufaa ya Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Mama mkwe anasema mtoto amebemendwa, na anataka akakatwe kimeo kwanza. Mume wangu anataka tusubiri afikishe kilo 10 ndipo apasuliwe. Jirani anasema tundu la mwanawe liliziba lenyewe. Na wiki mbili hizi naona anahema vizuri kidogo. Je, tusubiri? Kaka yake wa miaka 12 naye analalamika magoti kuvimba, je, wamerithi kitu kimoja?"

JIBU: Marahaba dada yangu, na poleni sana. Umeuliza mengi, lakini naona yote yanarudi kwenye jambo moja: kusubiri kutamsaidia mtoto au kutamdhuru? Kwa tundu la aina aliyonalo binti yako, kutamdhuru. Nakuambia mapema ili hayo mengine uyasome ukiwa umeshalijua hilo.

Nianze na kubemendwa, kwa sababu najua neno hilo linavyouma. Mama anayeambiwa amembemenda mwanawe anaambiwa kwamba yeye na mumewe walishindwa kujizuia, au mmoja wao alitoka nje ya ndoa, na sasa mtoto ndiye anayeteseka. Kliniki nawaona akina mama wanaoinamisha kichwa kabla sijauliza hata jina la mtoto. Mumeo akiweza, amsomee mama yake sehemu hii. Ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini vya moyo hujengwa na kukamilika ndani ya wiki 8 hivi za mwanzo za mimba, wakati wanawake wengi ndiyo kwanza wanajishuku kuwa ni wajawazito. Kwa binti yako sehemu ndogo ya ukuta huo haikufunga. Katika kila watoto 100 wanaozaliwa, popote duniani, karibu mmoja huwa na hitilafu ya moyo ya kuzaliwa nayo, na VSD ndiyo tunayoikuta zaidi. Mara nyingi hakuna sababu tunayoweza kuionyesha. Tundu hilo alizaliwa nalo, na hakuna mlichofanya baada ya hapo kilichoweza kulileta.

Hata hivyo, mama mkwe wako ameona kitu cha kweli. Mtoto alikuwa mzima, arobaini ikaisha, ndipo akaanza kudhoofu. Ameona sawasawa kabisa, isipokuwa sababu ni nyingine. Mtoto akiwa tumboni hapumui kwa mapafu yake, hivyo mishipa ya damu ya mapafu huwa imebana. Akishazaliwa haifunguki yote kwa siku moja. Hulegea kidogo kidogo kwa muda wa wiki 6 hadi 8. Katika wiki hizo za mwanzo presha ya upande wa kulia wa moyo bado iko juu, inakaribiana na ya upande wa kushoto, kwa hiyo hata tundu likiwa kubwa damu haivuki kwa wingi. Mtoto ananyonya, ananenepa, hata daktari anaweza asisikie sauti yoyote. Mishipa ya mapafu ikishalegea, presha ya kulia inashuka, na damu ya upande wa kushoto, ambayo tayari imechukua oksijeni, inaanza kupenya tunduni na kurudi mapafuni badala ya kwenda mwilini. Kipindi hicho ndicho hichohicho ambacho arobaini inamalizika na wazazi wanarudi kuishi kama mke na mume. Mambo mawili yanatokea wiki moja, na la ndani halionekani, basi lawama inaliangukia lile linaloonekana.

Kutoka hapo dalili zote ulizoandika zinaeleweka. Moyo wake ni kama pampu ya kumwagilia ambayo bomba lake limetoboka karibu na mashine: mashine inanguruma kutwa, shamba halipati maji. Mapafu yanafurika damu, yanakuwa mazito, ndiyo maana anahema haraka hata akiwa amelala, na ndiyo maana kila mafua madogo yanageuka nimonia. Kunyonya, ambako kwa mtoto mwingine ni starehe, kwake ni kazi kubwa. Anavuta mara chache, anaachia, jasho linamtoka kipajini, analala kabla hajashiba. Kile kidogo anachopata kinaishia kwenye kuhema na mapigo ya moyo. Kwa hiyo si maziwa yako mabaya, wala si uvivu wa mtoto.

Kimeo sasa. Nakuomba kwa msisitizo wote nilionao: asikatwe. Kimeo ni kinyama cha kawaida kinachoning'inia nyuma ya koo, kila mtu anacho, na hakisababishi kikohozi wala kukonda. Mtoto wa kawaida akikatwa anaweza kuvuja damu nyingi, kupata pepopunda, au maambukizi yakaingia kwenye damu. Mtoto mwenye tundu la moyo ana hatari moja zaidi: bakteria wakiingia kwenye damu wanaweza kwenda kujishikiza penye tundu au kwenye valvu na kuozesha sehemu hiyo. Akifika Dar es Salaam na ugonjwa huo, upasuaji utaahirishwa kwa wiki nyingi za sindano, kama atafika. Hayohayo nayasema kuhusu kung'olewa yale yanayoitwa meno ya nailoni, ambayo ni meno machanga yaliyo bado ndani ya fizi.

Jirani yako hajadanganya. Matundu mengi ya VSD huziba yenyewe, hasa yale madogo yaliyo kwenye sehemu ya nyama ya ukuta. Mengi ya hayo hufunga katika mwaka wa kwanza au wa pili, na mtoto hahitaji hata dawa. Ukimwona mtoto wa namna hiyo utamtambua: daktari anasikia sauti kubwa kifuani, lakini mtoto ana mashavu na anatambaa. Sauti kubwa si lazima iwe tundu kubwa. Milimita 7 kwa mtu mzima ni kidogo, lakini kwa mtoto wa kilo 5 tundu hilo linakaribia upana wa mlango wa mshipa mkuu unaopeleka damu mwilini. Tena liko karibu na valvu, mtoto haongezeki uzito, na presha ya mapafu inapanda. Tundu kama hilo sitegemei lizibe, na kulingoja ni kucheza kamari na mapafu ya mtoto.

Wazo la mumeo la kilo 10 nalisikia karibu kila wiki, na linatoka mahali pazuri: anaogopa mwanawe ni mdogo mno kwa kisu. Shida ni kwamba tundu ndilo linalozuia uzito usipande. Mkisubiri kilo 10 mnaweza kusubiri hadi afikishe miaka mitatu, na hapo ndipo hatari kubwa ilipo. Mapafu yanayofurika damu yenye presha kubwa mwezi baada ya mwezi hujilinda kwa kufanya kuta za mishipa yake kuwa nene na ngumu. Mwanzoni mabadiliko hayo hurudi yenyewe tundu likizibwa. Baadaye, na kwa tundu kubwa hilo linaweza kutokea kufikia umri wa miaka miwili hivi, hayarudi tena.

Hapa naomba usome polepole, kwa sababu umeniambia anahema vizuri kidogo. Mara nyingi nafuu ya namna hiyo ni kazi ya dawa, na kwa wiki mbili tangu aanze Lasix nadhani ndivyo ilivyo. Lakini iko nafuu nyingine ya uongo. Mishipa ya mapafu ikishaanza kuwa migumu, damu inayovuka inapungua, mapafu yanakauka, mtoto anaacha kutoka jasho, anaanza hata kunenepa. Familia inashukuru Mungu na kuacha kliniki. Miaka inapita, presha ya kulia inaipita ya kushoto, na damu isiyo na oksijeni inaanza kuvuka kwenda mwilini. Nawapokea wakiwa darasa la sita au la saba: msichana mrefu, mwembamba, ncha za vidole zimevimba na kucha zimepinda kama kijiko kilichogeuzwa, midomo ina rangi ya zambarau, anachoka akipanda ngazi chache. Wazazi wanakuja wakitaka upasuaji ule walioambiwa zamani, na hapo hatuwezi tena kuliziba, kwa sababu tundu limekuwa njia ya moyo kupumulia; ukiliziba, upande wa kulia unashindwa na mtoto anafariki. Tunabaki na dawa za kupunguza presha ya mapafu na masharti ya maisha, ikiwemo kumweleza binti wa miaka 14 kwamba ujauzito unaweza kumuua. Ni mazungumzo ninayoyachukia kuliko yote katika kazi hii, na kwa binti yako bado yanaweza kuepukwa.

Sasa niseme ukweli wa upande wa pili. Upasuaji huu si mdogo. Kifua kinafunguliwa katikati, moyo unasimamishwa kwa muda huku mashine ikifanya kazi ya moyo na mapafu, daktari anashona kiraka juu ya tundu, kisha moyo unaachiwa udunde tena. Watoto wenye VSD pekee, kwenye hospitali iliyozoea kazi hii, wengi sana wanapona na kurudi nyumbani, lakini hatari ya kifo si sifuri, na inapanda kwa mtoto aliyekonda sana, mwenye maambukizi ya kifua, au mwenye presha ya mapafu iliyokwenda mbali. Karibu mtoto mmoja kati ya 100 nyaya za umeme wa moyo zinazopita pembeni ya tundu huguswa, akahitaji kuwekewa betri ya moyo. Wakati mwingine pembeni ya kiraka hubaki upenyo mdogo usio na madhara. Muulize daktari wa upasuaji mambo haya bila woga. Ana wajibu wa kukujibu kabla hujaweka sahihi.

Kwa hiyo kama nimonia haijaisha, watakuambia msubiri wiki kadhaa kifua kisafike. Kusubiri huko ni sahihi. Kinachodhuru ni kusubiri bila tarehe.

Utasikia pia kuna watoto wanaozibwa tundu bila kupasuliwa kifua, kwa mrija mwembamba unaopitishwa kwenye paja. Ni kweli, na hapohapo Taasisi ya Jakaya Kikwete hufanyika, lakini hufaa zaidi kwa aina nyingine, kama mshipa uliotakiwa kufunga baada ya kuzaliwa ukabaki wazi, au matundu fulani ya vyumba vya juu. Tundu kubwa karibu na valvu kwa mtoto wa kilo 5, kifaa kinaweza kuiumiza valvu yenyewe. Ipo pia njia ya kukaza mshipa wa mapafu kwa utepe ili damu inayofurika ipungue, kisha kuziba tundu baadaye. Hutumika mtoto akiwa dhaifu mno au akiwa na matundu mengi. Ina maana ya operesheni mbili, kwa hiyo haichaguliwi ikiwa kuziba tundu moja kwa moja kunawezekana.

Mkifika watarudia ekho. Usikasirike ukidhani wanapoteza muda. Ni jeli na kifaa kinachopitishwa kifuani, hakichomi wala hakina mionzi, na daktari wa upasuaji anataka kuona tundu kwa macho yake. Watachukua damu, picha ya kifua na kipimo cha umeme wa moyo. Wakiona presha ya mapafu ina utata, wanaweza kwanza kuipima kutoka ndani kwa mrija wa paja. Kisha madaktari wa moyo na wapasuaji hukaa pamoja kuamua. Baadhi ya watoto hupangiwa kambi maalumu wanapokuja wataalamu wa nje kufanya kazi bega kwa bega na wa kwetu. Upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na taasisi yenyewe ilianzishwa mwaka 2015; kabla ya hapo mtoto kama wako alikuwa anasubiri orodha ya kwenda India, na wengi hawakufikiwa. Ndugu wataombwa kuchangia damu, basi mjiandae mapema.

Siku ya kwanza ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, jiandae kwa utakachokiona. Mtoto atakuwa amevimba uso, ana mpira wa kupumulia mdomoni, mirija inatoka kifuani, mashine zinalia. Uvimbe hupungua kwa siku chache. Wengi hutoka hospitali ndani ya wiki moja au mbili. Nyumbani, kwa wiki 6 hivi mfupa wa kifua unapounga, usimnyanyue kwa kumshika makwapani wala mikono. Pitisha mkono mmoja chini ya makalio na mwingine nyuma ya shingo. Na mbeleko ya mgongoni ingoje hadi daktari akubali.

Kabla ya safari kuna kazi ya kufanya nyumbani. Dawa hazizibi tundu, zinapunguza mafuriko ili mtoto apate nguvu. Vidonge vikigawanywa vipande kwa macho, dozi inakosewa kirahisi kwa mtoto mdogo hivi, kwa hiyo mwombe mfamasia akuonyeshe jinsi ya kuyeyusha na kupima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, nawe umwonyeshe mbele yake kwamba umeelewa. Akiharisha au kutapika sana, usiendelee kumpa kama kawaida bila kuuliza. Mpeleke kituoni siku hiyohiyo.

Mnyonyeshe kidogo kidogo kila baada ya saa mbili, na akichoka kamua umalizie kwa kikombe. Uji mwepesi uache, unajaza tumbo maji. Pika mzito wa nafaka moja, weka siagi ya karanga iliyosagwa laini, yai au unga wa dagaa, na kijiko kidogo cha mafuta, ambacho peke yake kinaongeza takriban kalori 40 bila kuongeza ujazo. Chanjo zote apate kwa wakati, pamoja na ya surua akifikisha miezi 9. Wazazi wengi huziahirisha wakidhani moyo hautastahimili. Mtoto wa moyo ndiye anayezihitaji zaidi.

Kaka yake ni suala jingine, na sitaki lizame chini ya la mdogo wake. Ndugu wa mtoto mwenye hitilafu ya kuzaliwa nayo hatari yake huongezeka kidogo tu, na magoti kuvimba si dalili yake. Ninachohofia kwa umri wake ni homa ya rumatiki, ambayo huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15. Huanza na maumivu ya koo ya bakteria, ambayo familia hata huyasahau. Wiki mbili tatu baadaye kinga ya mwili inageuka na kushambulia viungo na valvu za moyo. Uvimbe huhama: leo goti, keshokutwa kifundo cha mguu, kisha unapotea kabisa huku valvu ikibaki na kovu. Kila shambulio jipya linaongeza kovu, ndiyo maana watoto hawa huchomwa sindano ya benzathini penisilini kila wiki 3 au 4 kwa miaka mingi, mara nyingi hadi wavuke miaka 21. Inauma, na vijana huikwepa wakishaanza sekondari, lakini hakuna kinga nyingine iliyo bora zaidi. Huenda ikawa kitu kingine, kama selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Apimwe damu na moyo wiki hii hapo Singida, asisubiri nyie mrudi kutoka Dar es Salaam.

Ukiona binti anaacha kunyonya kabisa, mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi, midomo inakuwa ya bluu au kijivu, anatoka jasho la baridi, amelegea hashtuki ukimwita, au hajakojoa kwa saa 6 na zaidi, hiyo ni safari ya hospitali usiku huohuo, na mwambie wa kwanza kukupokea kwamba ana VSD na anatumia Lasix, ili asimwekee maji mengi kwa haraka.

Kuhusu gharama, sera inawapa watoto wa chini ya miaka 5 msamaha katika vituo vya umma, lakini kwa upasuaji wa moyo usiingie na matumaini hayo peke yake. Mwone ofisa ustawi wa jamii wa hospitali iliyokupa rufaa kabla ya kuondoka, akuandikie barua, na mkifika Dar es Salaam mwone wa huko siku ya kwanza, si siku ya kulipa. Beba fomu ya rufaa, majibu ya ekho, kadi ya kliniki yenye uzito wa kila mwezi, na dawa zenyewe kwenye paketi zake. Kadi hiyo usiione ndogo: mstari wa uzito uliopanda miezi ya mwanzo kisha ukalala unamweleza daktari hali ya mtoto kabla hujafungua mdomo. Ukipewa tarehe ya mbali ya upasuaji, mwambie daktari wazi kwamba presha ya mapafu imeshaanza kupanda na mtoto ana miezi 7, umwombe aiangalie tena kwa kigezo hicho.